Antena ya nje kwa nyumba ya mawe: miezi minane juu ya paa, Lamu

Nyumba yetu ya Mkomani ni ya kale, na kuta zake za mawe ya matumbawe zina unene wa karibu nusu mita, kiasi kwamba ukumbini simu hushika mtandao kwa kubahatisha. Ndiyo sababu nilinunua, katika duka moja la vifaa vya umeme hapa mjini, antena ya nje ya shilingi 4,500: fimbo ya aluminiamu yenye vijiti vilivyopangwa mithili ya mifupa ya samaki, inayofungwa juu ya paa na kuunganishwa kwa waya na ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani.

Fundi alipoielekeza kwenye mnara, simu ya video iliyokuwa ikikatika kila dakika ilitulia siku hiyo hiyo. Ila muuzaji aliniambia kwamba inafaa masafa yote ya mawimbi ya simu, na hilo si kweli. Kijiti kinachopokea mawimbi hukatwa kwa kipimo cha nusu ya wimbi, yaani karibu sentimita 18 kwa megahezi 800 na sentimita 8 tu kwa megahezi 1800. Yangu ilikatwa kwa masafa ya chini, hivyo ruta inapohamia 1800, jambo linalotokea takriban kila jioni, inabaki kuwa kituo cha kunguru.

Wahandisi wamekwisha kuunda maabarani antena ambazo kijiti chake ni metali ya majimaji ndani ya mrija mwembamba, ikisukumwa kurefuka au kufupika kulingana na masafa. Metali hiyo ni galiamu, ambayo ikiwa tupu huyeyuka kwenye nyuzi 29.8, kwa hiyo hapa kwetu ingekuwa maji mchana na huenda ikaganda usiku wa kusi. Ikichanganywa na indiamu, metali nyingine laini, hubaki majimaji hadi karibu nyuzi 15, baridi ambayo Lamu hatuijui. Kasoro yake ni utando unaojitengeneza metali hiyo ikigusa hewa, ukagandamana na mrija, tena galiamu huila aluminiamu, kwa hiyo fimbo kama yangu isingefaa hata kuwa jirani yake. Madukani sijaiona.

Kilichoniudhi zaidi ni kiungo cha waya, ambacho kilikuja bila kinga yoyote. Mwezi wa nne nilikifungua nikakuta shaba imeota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari. Nilikisugua, nikakipaka grisi na kukizungushia utepe wa mpira. Naipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeitoa lau masafa yake yangeandikwa kwenye boksi.