Fujifilm X100V katika kazi ya picha za misaada ya kibinadamu

Muuguzi wa kituo cha lishe anapozungusha utepe wa kupimia kwenye mkono wa mtoto, picha yote imo ndani ya mita moja: utepe ulioishia kwenye nyekundu, chini ya sentimita 11.5, alama ya utapiamlo mkali, vidole vya muuguzi, na uso wa mama anayetafuta jibu kabla hajaambiwa. Hapo ndipo X100V, kamera ndogo ya Fujifilm, inapoyashinda makamera makubwa. Lenzi yake haibadilishwi, ni ya milimita 23, sawa na 35 kwenye sensa kubwa. Ukisimama mita moja, fremu inabeba upana wa takriban mita moja. Zumu hakuna, kwa hiyo lazima usogee, uchuchumae, usalimie na uombe ridhaa kwanza, na hilo hatulihesabu kuwa kasoro hata kidogo.

Kwa gramu 478 pamoja na betri na kadi, haimtishi mtu. Shata iliyo ndani ya lenzi haisikiki chumba kikiwa na watu watatu wanaoongea. Ila zima mapema milio ya menyu na ile taa ndogo ya kusaidia fokasi, maana mwanga wake humpiga mtoto machoni.

Kinachosumbua zaidi ni turubai. Chini ya turubai la buluu, kamera ikiachwa ijipangie rangi, nyuso hutoka na rangi ya ugonjwa ambao watu hawana. Weka karatasi nyeupe palepale alipokaa mhusika, upime weupe upya, na urudie kila unapohamia hema jingine. Nje, ukuta mweupe wa hema hudanganya kipimo cha mwanga na ngozi nyeusi huzama kizani. Ongeza mwanga kwa theluthi mbili hadi hatua moja kamili (hatua moja ni mwanga maradufu) kwa gurudumu la juu la kurekebisha mwanga. Gurudumu hilo hujisogeza lenyewe ndani ya mfuko, hivyo litazame kila unapoitoa kamera. Jua la saa sita halina shida: kuna kichujio cha ndani kinachopunguza hatua nne za mwanga, na bado unaweza kubaki kwenye f/2, yaani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa.

Sasa vumbi. Kamera hii haijazibwa hadi uifungue pete ya mbele, ufunge pete ya AR-X100, kisha kichujio cha milimita 49 juu yake. Bila hivyo, lenzi husogea kidogo inapotafuta fokasi na vumbi huingia kwenye upenyo huo. Chembe ikishatua kwenye sensa huwezi kuisafisha mwenyewe kama kwenye kamera ya lenzi za kubadilisha. Ni fundi tu wa kuifungua. Pete na kichujio huuzwa kando, jambo tusilolipenda kabisa kwa kamera ya daraja hili.

Kosa kubwa ni nafasi moja tu ya kadi. Kadi ikifa, siku nzima imekufa, na mama yule huwezi kumrudia umwambie ampakate mtoto tena. Tumia kadi ndogo kadhaa badala ya moja kubwa, ibadilishe kila baada ya eneo moja, na unakili jioni kwenye diski mbili zinazokaa mifuko tofauti. Betri ya NP-W126S hutoa picha kama 350 ukitumia kioo cha kuchungulia cha kielektroniki, 420 ukichungulia kwa kile cha kawaida. Beba nne, na kamera pia hupokea chaji ya USB-C kutoka pawabenki.

Kamera hii haina GPS yake, lakini programu ya simu inaweza kuandika mahali ulipo ndani ya kila faili. Kwa picha za manusura wa ukatili au watu waliokimbia vita, zima kipengele hicho kabla ya kuondoka, kisha kagua faili moja kwenye kompyuta uhakikishe hakuna namba za eneo zilizobaki. Andika jina la mahali kwenye daftari, na mhariri aamue pamoja nawe lipi lichapwe.