Fildi ya jinsia Pemba: kijijini nyota tano, ofisini mbili

Kila ikifika mwezi wa tano simu huanza kulia: "Kaka, fildi nikafanye wapi?" Wanaulizia mafunzo ya vitendo ya chuo. Wenzetu wa uhasibu wanajua pa kupeleka barua, wa ualimu wanapangiwa skuli, ila sisi tunaosoma jinsia, maendeleo ya jamii na ustawi wa jamii tunazunguka na bahasha mkononi mpaka soli ziishe. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja, anayetaka asome.

Yangu niliifanya likizo ndefu ya mwaka wa pili, kwenye jumuiya moja ya Chake Chake inayoshughulika na haki za wanawake na watoto. Jina siliandiki. Nina ya kusifu na ya kulaumu, na Pemba ni kisiwa kidogo. Si TAMWA ya wanahabari wanawake, si PEGAO ya mazingira na jinsia, wala si Kituo cha Huduma za Sheria; hao nitawagusa baadaye.

Kwanza mjue kuwa mimi ni mwanamme. Mjomba wangu wa Wete, hadi leo akiulizwa mpwa wake anasoma nini, hujibu "utawala". Siku ya kuripoti, dada wa mapokezi aliisoma barua yangu, akanitazama, akaisoma tena, kisha akaniuliza kama nimemletea dada yangu. Hili nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililoamua nikae wapi na nifanye nini muda wote niliokuwa pale.

Tathmini yangu kwa ufupi: kazi yao ya vijijini naipa nyota tano. Ofisi yao naipa mbili, na moja ni ya feni.

Nianze na ofisi ili tuimalize. Iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, vyumba vitatu na ukumbi mdogo. Ukikaa pale kama ulivyopangiwa, utamaliza fildi ukiwa bingwa wa warsha. Mwanafunzi ndiye wa mwanzo kufika na wa mwisho kutoka: anabeba projekta, anabandika bango, anapanga chupa za maji, anapitisha karatasi ya mahudhurio yenye jina, shehia (mtaa au kijiji anakotoka mtu), jinsia, umri na saini, kisha anapiga picha za kupeleka kwa wafadhili. Kuna siku afisa miradi alizirejesha picha zangu zote kwa sababu hakuna mshiriki hata mmoja aliyenyoosha mkono. Ikabidi niwaombe kina mama, mada imeshamalizika na wengine wanavaa viatu, wanyooshe mikono. Bibi mmoja alinyoosha miwili.

Halafu ikaja habari ya chai. Wanafunzi wa fildi tulikuwa wanne, wasichana watatu na mimi. Bila ya mtu kutamka lolote, wasichana wakajikuta jikoni na ufagio, mimi nikajikuta kwenye gari. Ukutani palikuwa na bango la mgawanyo wa kazi, mwanamke amechorwa na mtoto mgongoni, kuni kichwani na ndoo mkononi, chini yake swali: "Nani anafanya kazi nyingi zaidi?" Chini ya bango hilo hilo ndipo mwenzangu alipokuwa akioshea vikombe. Kikao cha Jumatatu akanyoosha mkono wa kweli, si wa picha: "Samahani, naomba kuuliza, hili bango ni la vijijini tu?" Mkurugenzi akacheka. Mhasibu hakucheka. Kufika adhuhuri orodha ya zamu ilikuwa imebandikwa pembeni ya bango, majina yetu sote, wakubwa kwa wadogo. Mkurugenzi naye alikuwemo, ingawa zamu yake kila ikifika alikuwa Unguja kikazi. Yangu ilikuwa Jumatano, na nililaumiwa kwa tangawizi nyingi.

Hapo nawasifu. Ofisi ngapi zinaambiwa jambo na mwanafunzi asubuhi zikalibadilisha kabla ya chakula cha mchana?

Lakini kabati hawakulibadilisha kwa hiari. Mafaili ya kesi yalikuwa kwenye kabati la chuma lililovunjika kitasa, katika chumba ambacho sisi wanafunzi tulikuwa tukila chipsi. Mtu yeyote angeweza kuvuta faili, na Chake ilivyo, jina la mtoto na shehia yake vinatosha kulijulisha soko zima. Tulipoeleza, tukajibiwa kuwa suala hilo litaingizwa kwenye bajeti ya mwaka ujao. Kufuli! Tukachangishana, tukashuka dukani, jengo lile lile, tukanunua kufuli na komeo, na kijana wa dukani akaja kulifunga. Ufunguo akakabidhiwa afisa wa sheria. Kwa jumuiya inayofundisha usiri kila wiki, hili ni doa, na ndilo lililonifanya niwape nyota mbili badala ya tatu.

Sasa nje ya ofisi. Ombeni Micheweni, kaskazini mwa Pemba. Watakwambieni ni mbali, gari zinachelewa, wanafunzi hawapapendi. Ombeni hivyo hivyo.

Kule nilipangwa na msaidizi wa kisheria wa kujitolea, mwalimu mstaafu ambaye shehia nzima inamwita Mwalimu, hata waliomzidi umri. Hana ofisi. Ana daftari kubwa la gamba gumu, baraza ya nyumba yake, na simu ya kitochi ambayo hailali. Darasani tulisomeshwa njia ya kesi ya udhalilishaji, yaani ukatili wa kijinsia na wa watoto: kwa sheha anayeongoza shehia, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kituo cha mkono kwa mkono hospitali ambako daktari, polisi na mshauri wanapatikana pamoja (cha mwanzo Zanzibar kilifunguliwa Mnazi Mmoja mwaka 2011), kisha kwa mwendesha mashtaka, kisha mahakamani, ambako tangu 2021 kuna mahakama maalum ya kesi hizo. Kwenye mtihani niliiandika njia hiyo bila kukosea. Mwalimu alinionesha pale inapokatika.

Inakatika kwenye beseni la maji. Mama akimkuta mwanawe katika hali ile, la kwanza analolifanya kwa huruma ni kumkosha na kuzifua nguo, na ushahidi unakwenda na povu. Kwa hiyo Mwalimu, kila penye wanawake wamekaa, iwe kisomo au harusi, huchomekea maneno yale yale: "Usimkoshe. Nguo usifue, zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni. Hospitali leo leo, usingoje kesho." Anawaeleza na sababu: dawa za kinga ya virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na nguo mbichi ndani ya nailoni huoza.

Inakatika tena kwenye nauli, na kwenye muhali, yaani kuoneana haya. Kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena. Shahidi anatoka shamba kwa pesa yake na anarudi hajasikilizwa. Huku nyuma wazee wanakaa. Mshitakiwa ni mtoto wa ammi, kuna harusi inakuja baina ya nyumba mbili, jamani tuyamalize wenyewe. Tarehe inayofuata shahidi hakumbuki kitu. Mwalimu amezipanga tarehe zote za mahakama kwenye daftari, na jioni ya kuamkia kesi hupita nyumbani kwa shahidi, hula na tende akipewa, akaaga kwa kusema, "Kesho tunakwenda pamoja, nitakupitia." Hakuna mradi unaomlipia nauli hiyo.

Mimi kwenye mazungumzo ya ndani siingii, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mwanamke anayeeleza yaliyomkuta hahitaji kijana wa chuo na kalamu. Siku ya mwanzo nilibaki nje nikihesabu mbata, Mwalimu akatoka akaniambia, "Baba, wale pale mimi hawanisikii. Kakae nao wewe." Wale pale walikuwa wanaume wanacheza dhumna. Nikenda. Mvuvi mmoja akanipokea: "Haki za wanawake tushazisikia mpaka basi. Za wanaume lini?"

Afisa wa sheria alikuwa ameshanifundisha kuwa mwanamme usimwanzie na haki, mwanzie na hesabu. Nikawaomba wanisaidie kupiga matunzo ya mtoto mmoja kwa mwezi: mchele, unga, mafuta, sabuni, madaftari, nauli ya skuli. Hawakufika mbali, walikwama kwenye mchele. Mmoja anataka tuhesabu mapembe, ule mchele wa bei nafuu, mwengine anasema mtoto wake hali mapembe, wa tatu anamuuliza huyo tangu lini, maana watoto wako tunawaona wanakula kwa bibi yao. Pakawaka moto. Yule aliyekuwa akimpelekea mtalaka wake shilingi elfu tatu "kila nikipata" alitiwa adabu na wenzake kwa namna ambayo hakuna warsha ingeweza. Mimi niliandika bei tu.

Jambo jengine la Micheweni ni vikundi vya hisa, vya kuweka na kukopeshana. Wanachama wengi ni wakulima wa mwani, na kazi hiyo Zanzibar iko mikononi mwa wanawake zaidi. Wanakaa mkekani, sanduku la chuma katikati, kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa na mtu mwengine, asiyekaa na sanduku. Siku moja mshika ufunguo alikuwa na homa, akamtuma mwanawe wa darasa la pili aulete. Mwenyekiti aliutazama ufunguo kwenye kiganja cha mtoto, akamwambia, "Mrejeshee mamako, mpe na pole zetu." Kikao kiliahirishwa, ingawa kulikuwa na mwanachama anayesubiri mkopo wa kununulia kamba na alinuna waziwazi. Katiba yao inasema mshika ufunguo aje mwenyewe, basi. Nimeona bodi za watu wenye tai zisizofikia hapo.

Na hapo hapo mkekani ndipo nilipopata mada ya ripoti yangu. Mama mmoja alitaka kujua, akiachwa, nyumba aliyosaidia kuijenga inakuwaje. Mwalimu akamweleza kuwa sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 inaruhusu kudai mgawanyo wa mali ya ndoa, ila lazima uoneshe mchango wako wa kweli. Stakabadhi za mabati? Hana, aliyekwenda dukani ni mume. Mwalimu akamtaka kitabu chake cha hisa. Mkopo umeandikwa, tarehe imeandikwa, na kwenye sababu ya mkopo katibu ameandika kwa mkono wake: mabati. "Kitabu hiki," akamwambia, "usikiweke kabatini kwa mumeo." Wenzake wakaangua kicheko, na kila mmoja akaanza kufunua chake kuangalia katibu alimwandikia nini. Wengi waliandikiwa "matumizi". Tangu siku ile katibu anaulizwa maswali.

Pesa: hakuna. Posho hamna, gari la ofisi linatoka siku za warsha tu, nauli ya Micheweni ni yako. Mwenye bumu la fildi, ile pesa ya mkopo wa chuo, atajisukuma. Asiye na ndugu Pemba apige hesabu ya chumba kabla ya kupanda boti. Msimamizi kutoka chuoni alikuja, akasaini, akauliza boti ya Mkoani inaondoka saa ngapi. Afadhali msimamizi wa jumuiya, yule afisa wa sheria, anayesoma kitabu chako cha kumbukumbu kila Ijumaa kwa kalamu nyekundu. Niliandika "leo nimejifunza mambo mengi", akakata, pembeni akaandika: "Mambo gani? Yataje." Ripoti yangu ilipata alama nzuri, na sehemu kubwa ni kwa kalamu ile.

Kama unapenda uandishi na utetezi kupitia vyombo vya habari, TAMWA, iliyoanzishwa 1987, ina ofisi Unguja na Pemba. Hapo ndipo pako. Anayetaka sheria kavu ajaribu ZAFELA ya wanasheria wanawake au Kituo cha Huduma za Sheria, kilichopo tangu 1992 na chenye tawi Chake. Mtu wa mazingira na jinsia kwa pamoja aende PEGAO. Kote huko sijafanya, kwa hiyo nyota siwapi.

Hii yangu wanachukua wanafunzi wachache, kwa hiyo barua ipelekwe mapema, kabla wanafunzi hawajatoka chuoni kwa likizo, na ipelekwe kwa mkono; ya barua pepe italala. Siku ya kuripoti muulize afisa wa sheria, si mapokezi, shehia gani ina msaidizi wa kisheria anayefanya kazi. Chukua daftari lako mwenyewe na viatu vya kuvulia haraka, maana kila nyumba ni hodi na mkeka. Na kama wewe ni mtu wa kumsimulia mama kila ulichokisikia mchana, omba fildi kwenye takwimu wizarani. Nako watu wanahitajika.