Wiki tatu bila gari: Ruashi hadi Kasapa kwa teksibasi

Gari langu liliingia gereji mwezi wa tatu, giaboksi. Fundi aliniahidi siku nne, zikawa wiki tatu. Basi nikawa abiria hapa Lubumbashi: kila asubuhi kutoka Ruashi hadi karibu na chuo kikuu, Kasapa, ninakofotokopia wanafunzi karatasi zao.

Kipande cha kwanza sina neno nacho. Saa kumi na mbili na nusu magari yamejaa barabara ya Kasenga, sikuwahi kusubiri zaidi ya dakika tano. Tunabanana wanne kwa kiti, mabegi mapajani. Nauli inapita mkono kwa mkono hadi kwa kondakta, chenji inarudi njia ile ile, na sikuona faranga hata moja ikipotelea njiani. Halafu watu wanaongea! Ukiendesha peke yako unasahau hilo. Wiki hizo tatu nilikuwa najua bei ya unga kabla ya mke wangu.

Kilichonitisha ni mlango. Hiace nyingi zilitengenezwa kwa usukani wa kulia, mlango wa abiria uko kushoto, na sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia. Isipokuwa limebadilishwa, unashukia katikati ya barabara, manseba, yaani madereva wa pikipiki za abiria, wanapita karibu na magoti yako.

Lakini mateso yenyewe yako mjini. Gari la Ruashi linaishia pale. La Kasapa linapakia kwingine, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kati ya wauza mitumba na mikokoteni. Hakuna paa, hakuna kibao, unauliza tu. Na nauli unaanza upya kana kwamba ndiyo kwanza umetoka nyumbani. Jumla nilitumia saa moja na dakika ishirini na tano; kwa gari langu ni dakika arobaini.

Siku moja mvua ilinikuta hapo katikati na rimu mbili za karatasi. Nilizifunga kwa mfuko wa plastiki, nikazikumbatia kama mtoto mchanga. Kufika kwenye gari la pili, kondakta akaziangalia: "Papa, hizi nazo zinalipa nafasi." Tulibishana mpaka mwanafunzi mmoja aliyekaa dirishani akasema, "Lete, papa, nitazipakata."

Jioni kuna ujanja mwingine. Dereva anatangaza safari imeishia nusu ya njia, mnashuka, anageuza gari hatua chache, kisha anaita abiria wa Ruashi. Ni nyinyi wale wale, kwa nauli ya pili. Mama mmoja alikataa kushuka kabisa, akabaki kitini anakula njugu zake. Hakuongezwa hata faranga. Nimejifunza kwake.

Mwaka 2016 nilikwenda Dar es Salaam kufuata mzigo, nikapanda mwendokasi, mabasi yenye njia yao wenyewe, ilipokuwa mpya. Ilijaa, sitawadanganya, nilisimama njia nzima. Lakini basi dogo linaloleta abiria kwenye njia kuu lilikuwa shilingi 400, basi la njia kuu 650, na aliyetumia yote mawili alilipa 800, si 1,050. Unashuka Kimara, unaendelea mbele chini ya paa. Hapo ndipo sisi tumepungukiwa. Mabasi tunayo, na madereva wanaojua kila shimo. Kinachokosekana ni kile kipande cha kati: kituo kimoja cha kubadilishia na nauli isiyomwadhibu mtu kwa kuishi upande mmoja na kufanya kazi upande mwingine.

Gari limerudi. Siku za kubeba karatasi naendesha. Siku nyingine napanda teksibasi hadi mjini, kisha manseba, na mfuko unauma.

Alama zangu: Ruashi hadi mjini, nne kwa tano. Mjini hadi Kasapa, moja, na hiyo ni ya yule mwanafunzi.