Shairi la harusi la kuagiza, Langoni: nyota 4 kati ya 5

Jamani mimi niliagiza shairi la harusi ya dadangu kwa mtunzi mmoja hapa Lamu, upande wa Langoni, beti sita, tarbia (mistari minne kila ubeti), mizani nane kwa nane, yaani silabi nane kila nusu ya mstari, na vina vya kati na vya mwisho, aandike kwa mkono halafu atie fremu, yote 2,500. Alichelewa siku mbili lakini hati yake nzuri bwana, hilo simnyimi.

Sasa nimefika nyumbani nikaanza kuhesabu kwa vidole si unajua tena, ubeti wa kwanza tu, "Leo twatoa binti, kwa mume mwenye imani", utao, ile nusu ya pili, nane sawa, ukwapi, ile ya kwanza, nikapata saba! Nikarudi mbio nimevimba, nikamwambia mzee umenipunja mizani. Akacheka akaniambia, mwanangu, bi-n-ti, ile n inabeba mzani wake peke yake kama m ya mtu. Mimi sikukubali mpaka nilipomuuliza bibi, yeye Utendi wa Mwana Kupona, lile shairi refu la kale la mama kumuusia bintiye, anao kichwani tangu msichana, akanisomea "Negema wangu binti" huku anagonga mkeka, nane. Utendi wa 1858 huo, na kila kipande ni nane, usipoihesabu ile n unabaki na saba. Nikaona haya kidogo.

Lakini bibi huyohuyo ndiye alishika kosa la kweli ubeti wa nne, na hakuhesabu hata, alisikia tu akasema hapo pamechechemea: "muishi kwa upendo". Hesabu mwenyewe, saba. Nikarudi tena (mara ya tatu hiyo, na jua la saa saba), mzee akatazama akasema kweli, akaandika karatasi mpya "mkaishi kwa upendo", kina cha -ndo kimebaki palepale na hakunitoza kitu. Kumbe ni m hiyohiyo ndogo!

Kinachoniudhi ni vina vya mwisho, karibu vyote -ni ya mahali, nyumbani moyoni mjini chumbani, hiyo ni njia ya mkato, mtu unaweza kumaliza beti ishirini hivyo bila jasho. Nyota moja nimeikata hapo. Kibwagizo, ule mstari wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, lakini kitamu, kinamama ukumbini walikipokea kama wanakijua.

Ukienda mwambie mapema hutaki vina vya -ni, na shairi lisome kwa sauti palepale dukani kabla hajatia kioo.