Paleta za mkokoteni Mtaa wa 26, Chicago: uzoefu wangu

Huu ni mwaka wangu wa sita Chicago. Nyumbani Tanga wakisikia Chicago wanawaza theluji tu, hawajui Julai jua la huku linavyochoma mpaka lami inanata kwenye soli. Wenzangu tunaoishi nao Rogers Park, kaskazini mwa jiji, huniuliza kila mara kama kweli inafaa kupanda treni hadi Little Village kwa ajili ya paleta, yaani lambalamba ya kijiti ya Kimeksiko. Inafaa, na nitaeleza kwa nini.

Little Village, ambayo wenyewe huiita La Villita, ni mtaa wa Wameksiko upande wa kusini-magharibi mwa jiji. Mimi hushuka Kedzie kwenye treni ya Laini ya Pinki, kisha natembea kuelekea kusini mpaka Mtaa wa 26, karibu na lile tao kubwa la "Bienvenidos". Hapo huhitaji kutafuta duka, tega sikio tu. Muuzaji, paletero, husukuma boksi jeupe lenye magurudumu, na kwenye mpini amefunga kengele ndogondogo zinazolia kila hatua anayopiga. Watoto wanazisikia kabla hata hajakata kona.

Siku ya kwanza nilisimama mbele ya picha zilizobandikwa ubavuni mwa boksi nisijue nichague nini. Kihispania changu kilikuwa cha salamu tu. Mzee akanielekeza kwa kidole kwenye picha ya ganda la kahawia lililopinda. *Tamarindo*, akasema. Nikapiga ukelele pale barabarani: ukwaju! Akafunua mfuniko, mvuke wa baridi ukapanda, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko na kunitolea moja.

Waliokulia pwani watanielewa. Sisi barafu ya ukwaju tuliijua ya mfuko, kutoka kwenye friji ya mama jirani: unang'ata kona, unanyonya mpaka utamu wote unaisha na mkononi unabaki na bonge jeupe lisilo na ladha. Paleta haikuachi hivyo. Ukwaju wake una nyuzinyuzi, una chumvi kidogo, una pilipili inayokuja nyuma taratibu ulimi ukishapoa. Halafu nyama ya tunda huzama ndani ya kalibu kabla maji hayajaganda, na kwa kuwa kalibu husimama kijiti kikiwa juu, uzito wote unajikusanya kwenye ncha. Kwa hiyo pande la kwanza ndilo kali kuliko yote. Nililipata hilo bila kujiandaa, mate yakajaa mdomoni na macho yakaanza kulengwalengwa. Ukwaju asili yake ni Afrika, ulifika Meksiko enzi za Waspania, na mimi nimekutana nao tena kwenye mkokoteni wa Mmeksiko Marekani.

Tangu hapo nimeonja nyingi. Ya embe na pilipili usiikose, ni embe letu la chumvi na pilipili la nje ya geti la shule. Ya *jamaica* ni choya ileile tunayochemsha nyumbani. *Guanábana* ni stafeli. Za maji huitwa *de agua*, za maziwa *de leche*, na katika za maziwa naipenda ya wali: punje laini ndani ya maziwa yenye mdalasini. Ya tango na pilipili sijaizoea bado, lakini mke wangu haagizi nyingine.

Sasa mabaya, maana yapo. Siku moja, mtaa mwingine kabisa, niliuziwa paleta iliyokuwa imeyeyuka ikagandishwa tena. Ilikuwa imepinda, karatasi imeng'ang'ania, na ndani ni vipande vya barafu vinavyokwaruza ulimi. Tangu siku hiyo huishika kwanza. Kama umbo limeharibika naomba nyingine, na sijawahi kukataliwa. Pia si kila boksi lina za matunda. Nyingine ni za kiwandani, rangi na sukari tupu. Angalia kama unaona kipande cha tunda kwa macho yako. Mara ya mwisho nililipa dola 3. Beba noti ndogo, na tafadhali usianze kuvutana bei na mtu aliyetembea juani tangu asubuhi.

Jina La Michoacana utaliona kwenye mikokoteni na maduka mengi, ukadhani ni kampuni moja. Siyo. Linatokana na jimbo la Michoacán, ambako kuna mji mdogo uitwao Tocumbo. Watu wa mji huo walieneza maduka ya paleta Meksiko nzima, ndugu akimvuta ndugu, na pale mjini wamejenga mnara wenye umbo la paleta kubwa.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyoonekana ukiwa na kijiti mkononi. Mwaka 2016 mzee wa miaka 89 alipigwa picha hapo Little Village akisukuma mkokoteni mgongo umepinda. Picha ilisambaa, watu wakamchangia zaidi ya dola 380,000 ili apumzike. Nilifurahi kwa ajili yake, lakini nikaumia pia kwa walio bado barabarani na hawakupigwa picha. Kisha Septemba 2025 serikali kuu ikaanza msako wa wahamiaji Chicago. La Villita iliguswa vibaya, wachuuzi wengi wakaogopa kutoka. Watu wa baiskeli wakawa wanapita kununua bidhaa zote za mchuuzi kwa mkupuo ili arudi nyumbani mapema, chakula wakakigawa kwa wenye uhitaji. Kwangu huo ndio utu.

Kama unakwenda, nenda Jumamosi baada ya saa tisa alasiri, joto likiwa limekolea. Anza na salamu: *Buenas tardes, don*. *Don* huwekwa kwa mtu mzima kama heshima, na kwetu sisi tuliolelewa kwa shikamoo halina ugumu. Kisha sema *de tamarindo*, fungua karatasi, na uanze na ncha.