Tochi imeliwa na mawe: ununue ipi sasa?

Stima ilipotea saa tatu usiku tukiwa mezani. Nikaenda moja kwa moja kwenye droo, nikaitoa tochi ya marehemu baba, ile nzito ya alumini inayokula mawe mawili makubwa. Nikabonyeza. Kimya. Nikaukaza mkono hadi mfuniko wa nyuma ukafunguka, na kiganja kikajaa unga mweupe kama chumvi iliyolowa. Vidole vikaanza kuteleza kama vilivyoshika sabuni.

Utelezi ule si mafuta. Mawe ya alkalaini yana hidroksidi ya potasiamu ndani, ya jamii ya magadi ila kali zaidi, na ikigusa ngozi inaanza kuila. Nawa kwa maji mengi, na usipulize ule unga, maana ukiingia jichoni utajuta.

Kabla hujatoka kwenda kununua nyingine, jaribu kuiokoa. Watu wengi hukimbilia magadi ya kuokea, na hapo wanakosea: huwezi kuua magadi kwa magadi. Kinachotakiwa ni kitu kichachu, na jikoni kwetu hakikosi: siki, au ndimu iliyokamuliwa. Tia glavu, chovya mswaki mzee, sugua springi na vile vibati vya kugusia mawe. Utasikia povu likichemka kidogo. Likinyamaza, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha spiriti, halafu anika juani hadi ikauke kabisa. Vibati vikibaki na rangi ya kijani, piga msasa laini mpaka ving'ae. Jiwe likiganda ndani, mimina siki, iache lisaa, kisha gonga mdomo wa tochi kwenye ubao. Usilichome moto wala usilitoboe kwa drili.

Ya baba ilipona kwa nusu. Alumini haipatani na alkali, yaani vitu vya jamii ya magadi, na ukuta wa ndani ulikuwa umevimba vipele vyeupe, kwa hivyo mawe mapya yanaingia kwa kusukumwa. Ndiyo maana ikabidi niingie madukani.

Nitasema wazi nimezipanga vipi. Sikuangalia ipi inang'aa zaidi. Tochi ya nyumba hulala miezi kwenye droo, katika joto la kaskazi na hewa yetu ya chumvi, halafu usiku mmoja inatakiwa iamke papo hapo. Joto huharakisha kila kinachotendeka ndani ya jiwe, pamoja na kuvuja. Basi ninayoitaka ni ile inayovumilia kusahauliwa.

Nafasi ya kwanza naipa tochi ndogo ya LED ya mawe mawili madogo ya kawaida, ikitumia mawe ya kuchaji ya nikeli. Ubavuni yameandikwa HR6. Tafuta yale yaliyotengenezwa yasipoteze chaji yakikaa; chapa ya Eneloop ndiyo iliyofungua njia hiyo mwaka 2005, na sasa majina mengine yapo. Volti yake ni 1.2 badala ya 1.5, na tochi nyingi za LED hazijali. Kuvuja si kwamba haiwezekani, ila ni nadra sana ukilinganisha na alkalaini. Ubaya ni gharama ya mwanzo, maana chaja nzuri inauzwa kando. Lakini stima ikipotea siku mbili, mawe ya saizi hii unayapata hata kibandani, ukayatia ya muda, ukayatoa.

Ya pili ni tochi ya lithiamu ya kuchaji kwa waya wa simu. Inang'aa, haina unga mweupe, na kila nyumba ina waya. Mbona basi isiwe ya kwanza? Kwa sababu nyingi zimefungwa: betri ikichoka, tochi nzima ni takataka. Nunua inayofunguka, yenye betri ya 18650, yaani milimita 18 upana na 65 urefu. Halafu soma namba ya mAh, yaani kipimo cha chaji inayobeba. Nilipewa moja kaunta moja karibu na soko la Marikiti imeandikwa 9,900. Muuzaji akaniambia, "Chukua dadangu, hii ni orijino, yawaka wiki nzima." Nikaipima mkononi: nyepesi kama ganda la yai. Betri za kweli za saizi hiyo nyingi zinaishia kama 3,500, na uzito wake huwa gramu 45 na kitu. Nyepesi sana, jua umeuziwa mkebe. Na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani. Betri ikivimba, itoe nyumbani.

Ya tatu, mawe ya alkalaini, LR6 madogo na LR20 makubwa. Haya ndiyo yaliyoila tochi ya baba, lakini siyapi nafasi ya mwisho, maana kosa lilikuwa letu. Jiwe la alkalaini likiishiwa na kuachwa ndani, gesi ya haidrojeni hujikusanya mpaka inasukuma muhuri, na dawa inatoka. Ukichanganya jipya na kuukuu ndiyo unaliharakisha: lililo dhaifu linalazimishwa kufanya kazi likiwa tupu. Mlinzi anayetumia tochi kila usiku hana shida nayo, yanaisha anayatoa. Ukiyanunua kwa rejareja nje ya pakiti, lidondoshe moja wima mezani kutoka sentimita chache. Jipya hutua kwa kishindo kizito, lililotumika huruka. Jaribio hilo halitakuambia limebaki kiasi gani, kwa sababu huanza kuruka mapema, lakini litakuambia kama si jipya. Tarehe ya mwisho pia huwa imepigwa ubavuni au kwenye pakiti. Isomwe kabla hujatoa pesa.

Kuna ndugu yake ambaye sikumpa namba kwa kuwa ni adimu na ghali: jiwe la lithiamu lisilochajiwa, FR6. Hukaa miaka kumi na zaidi bila kudhoofika sana. Kama una mkoba wa dharura ndani ya gari au mashua, ndilo lenyewe.

Ya nne ni zile tochi kubwa za plastiki zenye pini za kuchomeka ukutani. Ndani nyingi zina betri ya risasi ya volti nne, ukoo mmoja na betri ya gari. Bei rahisi, mwanga mwingi, na mwezi wa kwanza utaisifu kwa majirani. Ila betri ya risasi haitaki kuachwa tupu. Iache wiki kadhaa bila chaji, itakataa kabisa. Ikivuja inatoa asidi, na hapo ndipo yale magadi ya kuokea yana kazi.

Ya mwisho ni mawe ya zamani ya kaboni na zinki, yanayoandikwa R20 au R6 bila herufi nyingine mbele. Haya tumekua nayo. Kiwanda cha Eveready kule Nakuru kilikuwa kikiyatengeneza hadi kilipofungwa 2014. Shida iko kwenye umbo lenyewe: ule mkebe wa zinki ndio unaoliwa umeme ukitoka, kwa hivyo kadiri unavyowasha ndivyo ukuta unavyokonda, hadi unatoboka. Kwa saa ya ukutani sawa, kwa rimoti sawa. Kwa tochi ya kusahauliwa, hapana, hata kama ni nusu ya bei.

Mimi nilitoka na ya kwanza, pamoja na chaja. Ile ya baba haikutupwa. Imerudi kwenye droo ileile, safi, tumbo tupu, na mawe yake yako pembeni ndani ya kopo la majani ya chai, kila moja limezibwa pua kwa kipande cha selotepu.