Dawa Mpya za Kipandauso: Zinamfaa Nani, Zinaangusha Wapi

Anayesikia kwamba kuna dawa iliyobuniwa mahsusi kwa ajili ya kipandauso hutarajia ameze kidonge na maumivu yakatike palepale. Wengi hukatishwa tamaa hapo. Katika majaribio ya rimejepanti ya miligramu 75, mojawapo ya dawa hizo mpya ziitwazo jepanti, watu kama 21 katika kila 100 hawakuwa na maumivu yoyote baada ya saa mbili, na waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake walikuwa 11. Ubrojepanti nayo haiko mbali na hapo. Kwa nguvu ya kukata shambulio peke yake, sumatriptani ya tangu zamani inalingana nazo na mara nyingi inazizidi. Basi mtu ambaye sumatriptani inamtuliza vizuri, anayeitumia siku chache kwa mwezi na ambaye moyo wake hauna tatizo, hana haja ya kuhama.

Thamani ya dawa hizi iko kwa wale ambao za zamani ziliwadhuru, au waliokatazwa kuzitumia. Triptani, yaani sumatriptani na dawa za kundi lake, hubana mishipa ya damu, ndiyo maana mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, aliyewahi kupata kiharusi au mwenye presha isiyodhibitiwa haruhusiwi kuzimeza. Jepanti hazibani mishipa. Zinazuia kazi ya CGRP, protini ndogo ambayo neva za uso na za utando wa ubongo huitoa wakati wa shambulio. Peter Goadsby na Lars Edvinsson walionyesha mwaka 1990 kwamba protini hiyo hupanda katika damu ya mshipa wa shingoni kichwa kinapouma, na mwaka 2021 walikuwa miongoni mwa wanasayansi wanne waliopewa tuzo ya utafiti wa ubongo iitwayo Brain Prize. Safari yenyewe haikuwa nyepesi: telkajepanti, mojawapo ya jepanti za mwanzo, iliachwa kwa sababu ya ini. Hizi zinazotumika sasa hazijaonyesha tatizo la aina hiyo.

Faida ya pili ya jepanti huzungumzwa kidogo, ingawa kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Triptani zikitumika siku 10 au zaidi kwa mwezi, na paracetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi, kwa miezi kadhaa, dawa zenyewe huanza kuzaa maumivu ya kichwa. Mgonjwa humeza zaidi, kichwa kinauma zaidi. Jepanti hazionekani kuleta mzunguko huo. Rimejepanti hata hutumika kama kinga, siku moja unameza, inayofuata unaruka. Kwa mtu mwenye mashambulio manane au kumi kwa mwezi, hilo peke yake latosha kumfanya aiulizie kwa daktari.

Matumizi yana makosa yake. Kidonge cha rimejepanti kinachoyeyuka mdomoni ni laini mno: kaushe mikono, bandua karatasi ya foili badala ya kukisukuma kidonge kipenye, kisha kiweke juu au chini ya ulimi papo hapo. Ukikisukuma kitavunjika, na ukikifungua mapema kitanyonya unyevu. Ni kimoja tu kwa saa 24. Ubrojepanti ni ya miligramu 50 au 100, na unaweza kurudia baada ya saa mbili, mradi usivuke miligramu 200 kwa siku. Angalia pia jina la kiungo, usitegemee jina la kwenye boksi peke yake: rimejepanti huitwa Nurtec Marekani na Vydura Ulaya, na mtu mwenye maboksi yote mawili anaweza kumeza dawa ileile mara mbili.

Pa kuwa makini kweli ni kwenye dawa nyingine unazotumia. Rimejepanti na ubrojepanti huvunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4. Klarithromisini, itrakonazoli, ketokonazoli na ritonaviri hukizuia kimeng'enya hicho, jepanti ikarundikana mwilini. Ubrojepanti imekatazwa kabisa pamoja nazo, na rimejepanti inashauriwa iepukwe. Rifampisini, karbamazepini na fenitoini hufanya kinyume chake: jepanti huvunjwa haraka mno, na mgonjwa huishia kusema dawa haifanyi kazi. Mwenye kifua kikuu, kifafa au anayetumia dawa za VVU amtajie mfamasia kila kidonge anachomeza, bila kuacha hata kimoja.

Lasmiditani, dawa nyingine mpya ya kukata shambulio, ni ya njia nyingine. Haifanyi kazi kama jepanti wala haibani mishipa, na kwa dozi ya miligramu 200 ina nguvu kuliko jepanti. Lakini kizunguzungu na usingizi wake ni wa kweli. Baada ya kuimeza huruhusiwi kuendesha gari wala mashine kwa saa nane, hata kama unajiona mzima, kwa sababu katika majaribio watu walishindwa kupima wenyewe jinsi walivyolegea. Inamfaa mwenye nafasi ya kwenda kulala. Dereva wa zamu, hapana.

Upande wa kinga ndipo dawa mpya zinapozipita zile za zamani kwa umbali unaoonekana. Kingamwili za sindano, ambazo nazo huzuia kazi ya CGRP, ni nne: erenumabu, miligramu 70 au 140 kila mwezi; fremanezumabu, 225 kila mwezi au 675 kila miezi mitatu; galkanezumabu, inayoanza na 240 kisha 120 kila mwezi; na eptinezumabu, inayopitishwa kwa dripu kama nusu saa kila miezi mitatu. Katika jaribio moja kubwa la watu waliokuwa na wastani wa siku nane za kipandauso kwa mwezi, erenumabu ya 140 ilipunguza siku 3.7, na sindano isiyo na dawa ilipunguza 1.8. Tofauti ya siku mbili huonekana ndogo. Lakini ilipolinganishwa na topiramati, dawa ya kinga ya zamani, watu kama 39 katika 100 waliacha topiramati kwa sababu ya madhara, na walioiacha erenumabu walikuwa 11 tu. Kinga isiyovumilika haikingi chochote. Mwaka 2024 Chama cha Maumivu ya Kichwa cha Marekani kilitamka kwamba dawa za CGRP zinaweza kuwa chaguo la kwanza, bila kumlazimisha mgonjwa ashindwe kwanza na zile za zamani. Naunga mkono, ingawa bei bado ni ukuta mkubwa na bima nyingi hudai uthibitisho wa kushindwa huko.

Kalamu ya sindano hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, bila kugandishwa. Itoe dakika 30 kabla, uiache ipate joto lenyewe. Usiiweke kwenye maji ya moto wala usiitikise. Choma paja au tumbo, sentimita 5 kutoka kitovuni. Kosa la kawaida ni kuinua kalamu mapema: kuchoma huchukua sekunde kadhaa, na ukitoa kabla ya kidirisha kubadilika rangi, dawa hubaki juu ya ngozi na dozi ya mwezi mzima imepotea.

Madhara yapo. Erenumabu hufunga choo, mara chache hadi mtu kulazwa, na inaweza kupandisha presha. Atojepanti, jepanti ya kinga inayomezwa kila siku, hufunga choo, huleta kichefuchefu na kupunguza hamu ya kula. Mwenye ugonjwa wa Raynaud, ambao vidole hupauka na kufa ganzi kwenye baridi, anaweza kuona hali ikizidi. CGRP hupanua mishipa pale damu inapopungua kwenye moyo au ubongo, na waliougua kiharusi au moyo karibuni hawakuingizwa kwenye majaribio. Kwao, kutobana mishipa si sawa na kuwa salama. Waamue pamoja na daktari wa moyo.

Kidonge ukikiacha hutoka mwilini ndani ya siku chache. Kingamwili hukaa: kiasi chake hupungua nusu kwa takriban wiki nne, hivyo mwanamke anayepanga ujauzito huacha sindano miezi mitano au sita kabla.

Weka daftari la siku za kichwa tangu mwezi kabla ya kuanza. Sindano ya kila mwezi ipewe miezi mitatu kabla ya kuhukumiwa, ya kila miezi mitatu ipewe sita. Ikishindikana erenumabu, inayoziba kipokezi cha CGRP, galkanezumabu au fremanezumabu, zinazoikamata protini yenyewe, bado zinaweza kufanya kazi.